Njia ya Kombe: Kutoka Podo la Mwindaji hadi Sindano ya Daktari

Mto Ruvuma hautoki ziwani. Mwanafunzi yeyote wa Songea atakuambia kuwa chemchemi zake ziko kwenye Milima ya Matogoro, hapo hapo juu ya mji. Lakini Septemba 1862 David Livingstone na daktari wa msafara wake, Mskoti John Kirk, walipanda mto huo kwa mashua kutoka Bahari ya Hindi wakitumaini kuwa utawafikisha Ziwa Nyasa. Njiani walirushiwa mishale na risasi, na walipofika kwenye maporomoko ya miamba wakashindwa kuendelea, wakageuza. Livingstone aliwaza njia za maji. Kirk, ambaye moyo wake ulikuwa kwenye mimea, alikuwa na hamu ya kujua kinachopakwa kwenye mishale.

Katika msafara huo, ulioanza 1858, Kirk aliwahi kuweka sumu ya mishale, itokayo kwenye mmea uitwao kombe, kwenye mfuko mmoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki alihisi uchungu mdomoni, akadhani ni kwinini, kwa kuwa mpini wake aliwahi kuutumia kuonjea dawa hiyo. Punde mapigo ya moyo wake, yaliyokuwa yakienda mbio kwa sababu ya mafua, yakapungua. Kesho yake alikuwa mzima. Kisa hiki kimo katika kitabu cha safari yao kilichotoka 1865, na tangu hapo kimesimuliwa kwenye vitabu vya famasia kana kwamba habari za kombe zilianzia kwenye mswaki wa Mskoti.

Mimi niliamua kuifuata njia ya kombe nikianzia upande huu wa ziwa: Songea, Mbinga, Mbuji, kisha kuteremka hadi Mbamba Bay. Kirk hakukanyaga huku. Mwaka 1861 yeye na Livingstone walisafiri na mashua kando ya pwani ya magharibi, Malawi ya leo, na milima yetu waliiona kwa mbali, ng'ambo ya maji. Mmea wenyewe hauna habari na mipaka hiyo. Hustawi kuanzia pwani ya Kenya, ukapita kusini mwa Tanzania, hadi Malawi, Zambia na Msumbiji, na kila ulipo, wapo waliojua kazi yake kabla ya mgeni yeyote kuuliza.

Kwenye nchi ya ngoro

Ukitoka Songea kuelekea Mbinga, miombo inakusindikiza pande zote mbili. Msimu wa masuku, akina mama na watoto huyapanga kando ya barabara kwa ndoo na sahani. Jina la kitaalamu la mti unaozaa matunda hayo ni Uapaca kirkiana. Mtaalamu wa Ulaya aliupa jina la Kirk. Kwa hiyo mtoto wa Songea anayetafuna suku anatafuna tunda lenye jina la Mskoti yule. Majina ya waliomwongoza Kirk porini, wakamwambia huu unaliwa na ule unaua, hayamo katika Kilatini hicho.

Mbele zaidi miombo inaachia nafasi migomba na kahawa. Kahawa ni somo la kwanza la safari hii, maana kafeini iliyomo ndani yake ni alkaloidi, mojawapo ya silaha ambazo mmea hutengeneza ili kujikinga na wadudu. Mmea hauwezi kukimbia wala kupiga kelele. Ulinzi wake ni viambata vichungu na vikali vilivyo kwenye majani, magome na mbegu zake. Hakuna kilichotengenezwa kwa ajili yetu. Kwinini ni ulinzi wa gome la msinkona wa Amerika ya Kusini, na sumu ya kombe ni ulinzi wa mbegu za kombe. Binadamu alikuja baadaye, akaokota silaha ya mwenzake, akajifunza kuishika.

Namna ya kujifunza huko inaonekana hata kwenye mashamba ya Wamatengo. Karne ya 19, vita vya Wangoni viliwabana kwenye miteremko hii mikali, nao wakaulima mlima kwa ngoro: nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa mistari inayokatizana, udongo huchimbwa katikati na kutupwa juu yake, mashimo yakazuia maji, nyasi zikaoza zikawa mbolea. Wataalamu wa udongo wamekuja kuupima utaratibu huu na kuusifu. Kipimo cha kwanza kilikuwa mavuno ya mwaka baada ya mwaka, na aliyekosea alilala njaa.

Mbuji ni kata ya huko huko milimani, na wageni wengi huijua kwa sababu ya jiwe lake kubwa. Mzee niliyeelekezwa kwake alidhani nami nimefuata jiwe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Umekuja kulitazama jiwe?"

"Nimekuja kuuliza habari za sumu ya mishale."

Akacheka. "Huku kwetu baridi. Kombe hukaa chini, kwenye joto, kwa Wanyasa. Na hata ukienda, nani atakuonyesha?"

Nikamwambia kwamba nikionyeshwa mti tu inatosha. Akatikisa kichwa. "Aliyekuonyesha mti hajakuonyesha dawa. Hajakuambia sehemu gani, kiasi gani, na nani asipewe. Ukiondoka na mti peke yake, umeondoka na kuni."

Mti wa uongo

Kirk angemwelewa mzee huyo. Alieleza baadaye kwamba aliitafuta asili ya sumu ile kwa muda mrefu, na kila alipouliza alionyeshwa mmea mwingine. Siku moja, katika kijiji cha Chibisa kando ya Mto Shire, aliona mmea mgeni machoni pake ukiwa umetambaa juu ya mti mrefu, umebeba maganda ya mbegu. Hakupata mtu wa kumpandia. Alipoanza kupanda mwenyewe, watu wakashtuka: angalia usije ukajikata, utomvu usikuingie kwenye kidonda wala mdomoni. Hapo ndipo walipokiri kwamba hiyo ndiyo kombe. Siri waliyoificha kwa miaka, waliitoa ili kuokoa maisha ya mgeni.

Katika tahadhari ile kuna elimu nzima ya sumu. Walijua kwamba njia hatari kuliko zote ni damu. Walijua pia sehemu ya kutumia: mbegu, ambazo husagwa na kupakwa kwenye mshale. Mishale aliyoieleza Livingstone ilikuwa na vipande viwili. Chembe ya chuma ilifungwa kwenye kijiti kilichopakwa sumu, na kijiti hicho kikachomekwa kwenye wano la utete. Mnyama akichomwa na kukimbia, wano hudondoka, kijiti kikabaki mwilini kikifanya kazi. Mnyama akianguka, wawindaji walikata nyama iliyozunguka kidonda wakaitupa, nyingine wakaila.

Hapo ndipo penye fumbo: inakuwaje kitu kinachoua nyati kwa kuingia kwenye damu kisimdhuru anayekula nyama ya nyati huyo? Jibu ni kwamba viambata vya kombe hufyonzwa kidogo sana na utumbo. Mwindaji hakuwa na maabara wala neno la kitaalamu, lakini matokeo alikuwa nayo, na aliyategemea kila jioni mbele ya sufuria.

Edinburgh, kisha Strasbourg

Vielelezo vya Kirk vilipelekwa Kew, London, ambako Daniel Oliver aliupa mmea jina la Strophanthus kombe. Kirk mwenyewe alirudi Afrika na kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, ambako mwaka 1873 alimshinikiza Sultani Barghash kutia saini mkataba uliofunga soko la watumwa. Wengi wanamkumbuka kwa hilo, na kwa bustani yake ya mimea huko Mbweni.

Sumu iliangukia mikononi mwa Thomas Richard Fraser wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Fraser alikwisha kujijengea jina kwa kuchunguza maharage ya Calabar, yaliyotumika Nigeria kuwapima washukiwa wa uchawi, jinsi mwavi ulivyotumika kwetu. Kwa majaribio ya wanyama alionyesha kwamba kombe hushika moyo kabla ya viungo vingine: huufanya ukaze kwa nguvu, na dozi ikizidi huufanya ukaze usilegee tena. Kutoka kwenye mbegu alipata kiambata alichokiita strofanthini. Mwaka 1885 akawaeleza madaktari wenzake jinsi kilivyowasaidia wagonjwa wa moyo, na kampuni ya Burroughs Wellcome ya London ikaanza kuuza dawa ya matone iliyotokana na mbegu hizo. Mbegu zilitoka Nyanda za Juu za Shire. Kitu kilichokuwa kikibebwa kwenye podo sasa kilisafirishwa kwa meli.

Lakini matone yale yaliyumba. Mgonjwa mmoja alipata nafuu, mwingine hakusikia kitu. Sababu tumekwisha kuiona kwenye sufuria ya mwindaji: dawa haikufyonzwa vizuri tumboni. Aliyelitatua jambo hilo ni daktari Mjerumani, Albert Fraenkel, katika jiji la Strasbourg, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya Ujerumani. Kati ya 1905 na 1906 aliwachoma wagonjwa wake strofanthini moja kwa moja kwenye mshipa. Watu waliokuwa wakihema kwa shida, miguu imevimba maji, walianza kupata nafuu ndani ya dakika. Kiwanda cha Boehringer cha Mannheim kikaitengeneza dawa hiyo na kuiuza kwa jina la Kombetin. Sindano ya Fraenkel ilifuata njia ile ile ya mshale, ila kwa kiasi kilichohesabiwa kwa sehemu za miligramu moja.

Miaka hiyo miwili ina uzito wake kwa mtu aliyepita Songea. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika Milima ya Matumbi, na vikafika Ungoni kabla mwaka haujaisha. Dawa ya vita hivyo ilikuwa maji, aliyoyatoa Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe na wajumbe wake wakayasambaza kusini nzima. Nguvu ya maji yale ilikuwa kuwafunga pamoja watu waliokuwa wakipigana wao kwa wao jana yake, na kazi hiyo yaliifanya kweli. Kuzuia risasi hayakuweza. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea. Mahali hapo leo pana Makumbusho ya Majimaji. Wakati askari wa Kaisari wakichoma maghala ya chakula huku kusini, daktari wa Kaisari alikuwa akiokoa mioyo ya Ulaya kwa mbegu iliyojulikana kwanza na watu wa nchi za Ziwa Nyasa.

Ndani ya seli

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay barabara inashuka milima, na joto linapanda kila kona. Ziwa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, wakati vijiji vya Wamatengo viko juu ya mita 1,300. Huku ndiko kombe inakopenda, kwenye misitu mikavu ya chini. Ni mmea unaotambaa, wenye utomvu, na maua ambayo ncha za petali zake zimerefuka zikaning'inia kama mikia. Maganda yake hukaa mawili mawili kama pembe. Yakipasuka hutoa mbegu zenye manyoya ya hariri, ambazo upepo huzichukua.

Kiambata kilichomo kwenye mbegu hizo ni cha kundi liitwalo glikosaidi za moyo. Molekuli yake ina kiini cha aina ya steroidi, na mnyororo wa sukari ulioshikizwa hapo. Kiini ndicho kinachofanya kazi. Sukari huamua jinsi molekuli inavyoyeyuka na inavyodumu mwilini. Wakemia huitofautisha strofanthini ya kombe na za mimea jamaa kwa herufi k.

Kazi yake ilieleweka polepole. Kila seli ya moyo ina pampu kwenye utando wake, inayotoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili. Strofanthini huishika pampu hiyo na kuizuia. Sodiamu ikijaa ndani, seli hushindwa kutoa kalisi kwa kasi yake ya kawaida, na kalisi ikibaki, msuli hukaza kwa nguvu zaidi. Kwa moyo uliochoka, hiyo ni nafuu. Wakati huo huo dawa huchochea neva inayopunguza mwendo wa moyo, na ndiyo maana mapigo ya Kirk yalishuka. Lakini pampu nyingi mno zikizuiwa, umeme wa moyo huvurugika, midundo ikapoteza mpangilio, moyo ukasimama. Nafuu na kifo hutoka kwenye kitendo kimoja.

Pampu hiyo ilitambuliwa 1957 na Jens Christian Skou wa Denmark, katika neva za kaa. Ili kuthibitisha alichokiona, baadaye alitumia ouabaini, ndugu ya strofanthini, kiambata kilichotolewa kwanza 1888 na Mfaransa Arnaud kutoka kwenye mti ambao Wasomali walipikia sumu ya mishale. Wakamba na Wagiriama wa Kenya nao hutumia miti ya jamii hiyo hiyo. Mwaka 1997 Skou alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia. Sumu ya wawindaji wa Afrika Mashariki ilikuwa ufunguo wa mojawapo ya milango mikubwa ya elimu ya seli.

Kwa nini hatuioni tena

Leo mgonjwa wa moyo akihitaji dawa ya kundi hili hupewa digoksini, ambayo Sydney Smith wa Burroughs Wellcome aliitoa 1930 kwenye mmea wa Ulaya, jamaa wa ule ambao William Withering aliuandikia kitabu 1785. Faida yake kubwa ni kwamba hufyonzwa tumboni, kwa hiyo inamezwa kama kidonge. Strofanthini ilihitaji sindano na daktari mwenye mkono thabiti. Madaktari wa Ujerumani waliishikilia kwa miongo mingi, kisha nao wakaiacha.

Hata digoksini imepunguzwa makali na vipimo. Utafiti mkubwa uliotangazwa 1997, wenye wagonjwa 6,800, ulionyesha kwamba inapunguza kulazwa hospitalini lakini haiongezi miaka ya kuishi. Baada ya zaidi ya miaka 200 ya kutumia mimea hii, ndiyo kwanza watu wakajua kwa hakika inafanya nini na haifanyi nini.

Ndiyo maana huwa natahadhari nikisikia mtu akitangaza kwamba mmea fulani "una kemikali zinazotibu". Mimea karibu yote ina kemikali zenye nguvu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, kutoka Tanzania na nje, walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kilipikwa kwa mizizi ya mugariga, mti wa jamii moja na kombe. Mti huo una viambata, hilo halina ubishi. Hakuna jaribio lililoonyesha kwamba kikombe kiliponya UKIMWI au kisukari, na waliotupa dawa zao kwa sababu yake walijiweka hatarini. Nguvu ya mmea ni mwanzo wa swali.

Wapo waliolijibu swali vizuri. Tu Youyou wa China alipotafuta dawa ya malaria katika pakanga, kuchemsha kulimshinda. Kitabu cha tiba cha kale kiliagiza mmea huo ulowekwe kwenye maji na kukamuliwa. Akagundua kwamba joto ndilo lililokuwa likiharibu kiambata, akabadili njia, na 1972 akakipata. Dawa ya mseto tunayomeza tukiugua malaria imetokana na kazi hiyo. Mti alikuwa nao tangu mwanzo. Kilichomwokoa ni maelekezo ya matumizi, yale yale ambayo mzee wa Mbuji alisema mtu akiyakosa ameondoka na kuni.

Tanzania ina pa kuanzia. Muhimbili kumekuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu 1974, ambacho leo ni taasisi kamili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 iliunda baraza la kuwasajili waganga na kusimamia dawa zao. Itifaki ya Nagoya ya 2010 inataka atakayefaidika na mmea na ujuzi wa jamii agawane faida na wenye ujuzi. Lakini usajili unaoandika jina la mganga na jina la mti peke yake unatuacha pale pale alipokuwa Kirk kabla ya kufika kwa Chibisa.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa Mbinga na Nyasa ni daftari, moja kila kata, likae kwa mtu anayeaminika na nakala yake iende Muhimbili. Kila mmea uwe na tawi lake lililokaushwa, na kila ukurasa ujibu maswali matano. Ni mti gani? Sehemu gani? Kiasi gani, na unaandaliwaje? Nani asipewe? Nani amesema? Manne ya kwanza yatamwambia mkemia aanzie wapi na aogope nini. La tano ndilo ambalo karne ya Kirk haikuliandika, na kwa kukosa jibu lake, watu waliomwonya mgeni aliyepanda mti asife hatuwezi kuwataja leo hata mmoja.